Kipimo cha Novemba

Wengi wetu masikio tumepewa ya kuning'inizia hereni na kuvutwa na walimu. Ambrosi alipewa ya kusikia.

Alizaliwa Kitangari, juu kwenye uwanda wa Newala, ambako maji ni shughuli ya nusu siku. Nyumbani kwao kulikuwa na tangi la bati la kukingia mvua, na mfuniko wake ulifungwa kwa kufuli, maana maji ya tangi hayakuwa ya kuchezea. Baba yake alipotaka kujua yamebaki kiasi gani hakuhangaika na ufunguo. Alimwita Ambrosi, mtoto wa miaka saba, agonge. Ambrosi aligonga ubavu wa tangi kwa kijiwe, akatega sikio, kisha akaweka kidole: "Yako hapa." Mfuniko ukija kufunguliwa, maji yako pale pale aliposema. Majirani wakaanza kumwazima, kama watu wanavyoazimana ngazi.

Aliyekitambua kipaji hicho kuwa kitu cha maana alikuwa mama yake wa ubatizo, Mwalimu Priska, ambaye kila mtu alimwita Mama Rose kwa jina la mtoto wake wa pekee. Yeye na mumewe, Mzee Yoeli, walikuwa na nyumba Masasi, upande wa Mkomaindo. Ambrosi alipomaliza darasa la saba walimchukua akakae nao asome zaidi. Mama Rose alikuwa akifundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya ya kanisa. Katika kwaya hakumpanga Ambrosi kuimba. Alimweka benchi la nyuma kabisa, atege, halafu mazoezi yakiisha aseme nani kapotoka. Kijana naye bila haya anasema, "Sauti ya pili, dada mwenye kitenge cha njano." Unaweza kufikiria jinsi akina dada wa sauti ya pili walivyompenda.

Masomo hayakufika mbali, lakini masikio yalifika. Alitengeneza redio, kisha vipaza sauti vya kanisani, kisha akawa mtu wa mitambo wa harusi na mikutano. Akaoa, akapata watoto, akapanga nyumba yake. Kwa Mama Rose aliendelea kupita kila siku mbili tatu, na hakuna aliyemlazimisha.

Mzee Yoeli alipofariki, macho ya Mama Rose nayo yalikuwa yanakwenda. Presha ya macho, walisema hospitalini. Ilianza kama ukungu pembeni, ukasogea katikati, mpaka siku moja akamwambia Ambrosi kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba taa imezimwa. Rose, aliyeolewa Kitangari, alikuja mbio kumchukua. Mama Rose alikataa. Alisema nyumba ile aliijenga na mumewe tofali kwa tofali, na hakuona kwa nini macho yaamue atafia wapi.

Basi Ambrosi alichukua wiki nzima kumfundisha mwalimu wake nyumba yake mwenyewe. Walitembea wameshikana mikono, wanahesabu kwa sauti. Kitandani hadi mlango wa chumba, hatua kumi na moja. Mlangoni hadi jikoni kumi na sita, na ya mwisho uinue mguu. Jikoni hadi choo cha nje alifunga kamba ya kushika. Nyumba ikawa na sheria moja tu: kitu kisihamishwe. Ukikalia kiti, ukiondoka ukirudishe kilipokuwa. Ambrosi alichukua msumari akakwangua alama nne sakafuni, moja kwa kila mguu wa kiti cha wageni, ili wasiojua kuhesabu wasiwe na kisingizio.

Yaliyobaki masikio ya Mama Rose yalifanya yenyewe. Alijua nani kaingia uani kwa mguu wake. Alijua kuku yuko kwenye mahindi. Alipika mwenyewe, na ukimuuliza anajuaje wali umekauka maji anakucheka: wali unasema, ninyi ndio hamjibu. Aliishi hivyo miaka minne, peke yake, msafi, mkali, kanga zake zimenyooshwa. Mtu ambaye hakuambiwa angeweza kunywa chai pale na kuondoka bila kujua kwamba hajaonwa.

Halafu Bwanali akajenga ukumbi.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Rose, hatua thelathini hivi kutoka kwenye jiko lake. Bwanali si mtu wa kujenga jengo lifanye kazi moja. Aliinua kuta za tofali za saruji, akaezeka bati bila dari, akaacha katikati peupe, akaliita Tulizana. Msimu wa korosho kuta tatu alikikodisha chama kimoja cha msingi cha wakulima ambacho ghala lake lilikuwa limefurika. Magunia yalipangwa kuanzia chini hadi karibu na bati, na katikati bendi ilipiga palepale. Wakulima walioshuka na korosho zao walicheza muziki, wakachoka, wakaenda kukalia magunia yao wenyewe wakipepea. Msimu ukiisha, malori yanabeba magunia, ukumbi unabaki kuta na bati tupu.

Fundi mitambo akawa Ambrosi. Mama Rose alifurahi kuliko hata mke wa Ambrosi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea Bwanali, na fimbo yake, akamwambia kama anataka mtu anayesikia, mji huu una mmoja.

Mwaka wa kwanza alivumilia. Ijumaa, Jumamosi, na bonanza la Jumapili kuanzia saa tisa alasiri. Mwaka wa pili alimwambia Ambrosi, taratibu, kwamba zikilia zile spika haoni. Ndivyo alivyosema, haoni. Hajui nani kaingia uani. Hajui sufuria imefika wapi. Anakaa kitandani na mikono mapajani mpaka wamalize, kama abiria.

Ambrosi aliona aibu, akaenda kwa Bwanali. Bwanali alimsikiliza vizuri, maana ni mtu mwenye adabu.

"Mimi namheshimu yule mama," alisema. "Lakini mteja akitoa kiingilio anataka asikie besi hapa kifuani. Asipoisikia anakwenda kwa mwenzangu. Na bendi ina watu kumi na mmoja, wote wana watoto. Sasa wewe niambie nimfukuze nani."

Ambrosi alipunguza sauti wiki mbili. Wiki ya tatu wateja wakapiga kelele, akaipandisha. Hapo Mama Rose hakumwambia tena. Alimwendea katekista, akamwomba amwandikie barua, ikapelekwa kwa afisa wa mazingira.

Afisa huyo, Bwana Fortunatus, alikuwa kijana mwenye kufuata mambo, na alikuwa na kipima sauti kipya, kidogo kama rimoti ya televisheni. Aliahidi kuja kupima. Alikuja Jumamosi moja ya Novemba, jioni, bendi ikiwa kazini.

Novemba, msimu umepamba moto. Magunia yalikuwa yamefika kwenye bati pande zote tatu, na upande wa nyuma, ule unaotazamana na jiko la Mama Rose, yalikuwa yamepangwa mistari miwili.

Aliyekuwa akigonga matangi akiwa na miaka saba hakuhitaji kufundishwa hapo. Ambrosi alijua tangu msimu wa kwanza kwamba ukumbi wenye magunia na ukumbi usio na magunia ni kumbi mbili. Magunia yalikuwa yanakunywa sauti. Besi iliingia kwenye zile korosho ikaishia humo. Yakiondoka, bati na saruji vinarushiana sauti kama wachezaji wa mpira, na kila mrusho unatokea upande wa nyuma. Mitambo ile ile, mkono ule ule, na bado nje ni karibu mara mbili. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Bwana Fortunatus alisimama uani kwa Mama Rose na kipimo chake, akaandika. Kisha akaja ukumbini, akainama juu ya miksa ambayo hakuielewa.

"Fundi, hujapunguza kwa ajili yangu?"

"Sijapunguza. Tazama, hii ndiyo alama ninayoiweka kila wiki."

"Kwa hiyo ndivyo inavyokuwa siku zote?"

Nyuma yake Bwanali alikuwa amesimama akifuta miwani. Ambrosi aliyatazama magunia. Yalikuwa pale, makubwa, ya rangi ya udongo, mbele ya macho ya kila mtu, na aliwaza kwamba kama afisa ana macho basi anaona.

"Ndivyo," alisema.

Kipimo kikawa chini ya kikomo cha sheria. Bwanali alipata karatasi yenye muhuri, akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika kaunta. Ambrosi alipewa soda, na akainywa.

Nisikufiche: hakukosa usingizi wakati huo. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Alijiambia kwamba Februari ni mbali, na kwamba labda mwaka huu atamshauri Bwanali aweke dari. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Februari ikafika. Lori la mwisho liliondoka Jumanne. Jumapili, saa tisa na nusu, bendi ilipopiga wimbo wa pili, Mama Rose alikuwa jikoni ameweka maharage. Kawaida aliyasikia yakichemka, akajua wakati wa kusogea na wakati wa kukaa mbali. Siku ile hakusikia kitu. Aliingiza mkono kutafuta mwiko, sufuria ikapinduka, maji ya moto yakamwagika kuanzia kiwiko hadi vidole. Alipiga ukelele, nao pia haukusikika. Jirani alimkuta baada ya saa nzima, amekaa sakafuni, mkono ameutia kwenye ndoo ya maji.

Ambrosi alipata habari alipokuwa akikunja nyaya. Alikimbia. Alimkuta Mama Rose amefungwa bandeji, anamwelekeza jirani kwa hasira mahali pa kurudishia sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usiniangalie hivyo, ni mkono tu."

Hakuwa akiona jinsi anavyoangaliwa, lakini ndivyo alivyosema. Ambrosi aliondoka pale, na tangu siku ile soda aliyokunywa Novemba ilianza kumrudi.

Rose alishuka kutoka Kitangari siku ya pili yake. Ni mwanamke mtaratibu, mkulima, hapendi maneno mengi. Alimwita Ambrosi nje.

"Kaka, mwezi ujao kuna mkutano wa kata juu ya hizi kumbi. Wakiweka kikomo cha maana, mama abaki kwake. Wasipoweka namchukua, akatae asikatae. Nyumba hii ndiyo macho yake, najua. Lakini sitangoja nije kuchukua maiti."

Basi mambo yalikuwa wazi kama mchana. Ambrosi alikuwa na wiki tatu za kufikiri sentensi moja: siku ya kipimo kulikuwa na magunia. Aliijaribu njiani. Aliijaribu akioga. Mkewe alimuuliza anaongea na nani, akasema anaimba.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi, na watu walijaa, kwa kuwa kelele ni jambo ambalo kila mtu ana utaalamu nalo. Hoja ilikuwa kila ukumbi wa muziki upimwe upya na uwekewe kikomo, na atakayezidisha mitambo yake ifungiwe. Muuguzi mmoja alisimama akasema mgonjwa anahitaji utulivu kuliko panado. Kijana wa bodaboda akasema Masasi siyo makaburini, watu wakivuna wafurahi wapi? Mama muuza samaki akasema kama ni vikomo basi vianze na vipaza sauti vya dini, vyote, na hapo wazee wa pande zote mbili wakaguna kwa pamoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Mpiga gitaa wa bendi, Silvano, alisema kwa unyonge kwamba wao hawana ugomvi na mtu, ila muziki wa kunong'ona haujawahi kumlipia mtoto ada. Watu walimpigia makofi, na kusema kweli alistahili.

Mama Rose aliongozwa mbele, mkono bado umefungwa. Walimpa kiti mstari wa kwanza, karibu sana na Ambrosi aliyekuwa ameitwa kama fundi.

"Muziki siuchukii," alisema. "Kwaya nimeongoza miaka ishirini na sita. Ninachosema ni kwamba tangu Februari siishi tena kwenye nyumba yangu, naishi ndani ya spika."

Watu walicheka, lakini kwa upendo. Bwana Fortunatus akasoma karatasi ya Novemba. Chini ya kikomo. Bwanali akasimama, akashukuru serikali, akasema kama Tulizana, ukumbi mkubwa kuliko yote, uko chini ya kikomo, basi vipimo vipya ni vya nini? Sauti zikaanza kusema ni kweli, ni kweli.

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Bibi, shikamoo, lakini mashine imepima! Mashine haizeeki. Wewe masikio yako ndiyo yanasikia vyake!"

Kicheko cha safari hii hakikuwa na upendo. Mama Rose hakugeuza uso. Aliweka mkono mzima juu ya ule wenye bandeji.

Bwana Fortunatus, Mungu ambariki, hakuridhika. Alimgeukia Ambrosi. "Fundi, siku ile ulinionyesha mitambo. Hukuipunguza?"

"Sikuipunguza."

"Na tangu hapo hujaipandisha?"

"Sijaipandisha hata kidogo."

"Kuna jambo lolote la kuongeza?"

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imefanyiwa mazoezi wiki tatu. Bwanali alikuwa anamtazama. Silvano alikuwa anamtazama. Watu waliomsikiliza tangu utoto, waliozoea kumwamini kwa sababu ya masikio yake, wote walikuwa wanamngoja. Ambrosi aliona jinsi watakavyomgeuka: kumbe ulijua tangu Novemba? Alimeza mate.

"Hapana," alisema. "Sina la kuongeza."

Hoja iliahirishwa. Jumatano Rose alikuja na gari la kukodi. Mama Rose alibishana kidogo tu, jambo lililomtisha Ambrosi kuliko kama angelia. Alishika fremu ya mlango, akapapasa kamba ya kwenda chooni kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudi. Ambrosi alibeba sanduku lake. Mlango ulipofungwa yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo, awe anafagia.

Alifagia mara mbili. Mara ya kwanza alikuta kiti cha wageni kimekaa sawasawa juu ya alama zake nne. Alikaa sakafuni kando yake akalia kama mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, huku ukumbini bendi ikifanya mazoezi. Hatia ni kitu cha ajabu. Miezi minne aliibeba bila kujua uzito wake, na sasa aliyekuwa akimwonea aibu ameondoka ndipo ikawa haibebeki. Chakula hakikupita. Akiwa kwenye mitambo alijikuta anasikiliza ukuta wa nyuma badala ya bendi. Besi iliupita ukuta ikaenda kwenye nyumba tupu, na yeye aliisikia ikifika.

Mara ya pili hakumaliza kufagia. Aliweka ufagio, akaenda ofisini kwa Bwana Fortunatus, akasema yote kwa pumzi moja, magunia, bati, Novemba, soda. Afisa alisikiliza kalamu ikiwa mkononi, hakuandika.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa kingine."

Bwana Fortunatus alivuta jalada kabatini. Alieleza, bila furaha, kwamba limefungwa. Mlalamikaji amehama, nyumba haina mtu, na kipimo cha aina ile huchukuliwa kwenye makazi ya anayelalamika, mwenyewe akiwapo. "Akirudi, hata kwa wiki moja, aandike barua mpya. Nakuja siku hiyo hiyo, na safari hii nitachungulia ukutani kwanza."

Mji ni mdogo. Kabla ya Ijumaa Bwanali alikuwa amekwishapata habari. Hakumfokea. Alimwambia tu kwamba amepata fundi mwingine, na kwamba yeye Bwanali kuhusu magunia hakujua lolote, jambo ambalo huenda lilikuwa kweli. Silvano alipokutana naye sokoni Lisekese, ambako Ambrosi sasa alikuwa ametandika meza ya kutengenezea redio, alivuka upande wa pili wa barabara.

Ambrosi hakujali, au alijaribu. Alikuwa na tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa Kitangari.

Alipanda gari la Newala asubuhi na mapema, likapanda uwanda taratibu, mikorosho pande zote mbili ikiwa imechipua majani mapya. Nyumba ya Rose aliijua. Rose alikuwa ameenda kuchota maji. Mama Rose alikuwa sebuleni peke yake, amekaa wima, anapeta mchele kwa mkono mmoja na nusu.

Ambrosi alisimama mlangoni, hajasema neno.

"Ingia, Ambrosi," alisema. "Umekonda. Unakanyaga kama mtu asiyekula."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto?"

"Hawajambo."

"Vuta kiti ukae."

Alivuta kiti karibu naye, akakaa, na hakuweza tena kuzunguka. Alisema. Alimwambia juu ya magunia, kwamba Novemba yaliimeza sauti, kwamba alijua, kwamba aliulizwa mara mbili na mara zote mbili akanyamaza, na kwamba watu walimcheka yeye wakati mwongo alikuwa amekaa kando yake. Mama Rose aliendelea kupeta. Ambrosi alipomaliza, ungo ulitulia.

"Najua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Aniambie nani? Nimeishi nyuma ya ukumbi ule miaka mitatu. Magunia yakiingia, ngoma inakuwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Lori la mwisho likiondoka, blanketi limevutwa. Unadhani masikio umepewa wewe tu? Nani alikufundisha kuyatumia?"

"Kwa nini hukusema mkutanoni, mama? Ungesema wangekuamini."

"Wangeniamini. Halafu wangekugeukia wewe: fundi, ulijua? Nami ndiye niliyekuombea ile kazi." Alitoa kokoto kwenye mchele, akaitupa nje ya mlango bila kukosea. "Niliona afadhali mimi niitwe kikongwe anayesikia vyake, kuliko wewe uitwe mwongo mbele ya watu. Nikakuachia useme mwenyewe. Ulipoulizwa lile la mwisho, nilisikia umemeza mate. Nikasema moyoni, sasa atasema."

Nje mbuzi alilia. Mama Rose aligeuza kichwa kidogo upande wake, akakirudisha.

Ambrosi alishuka kwenye kiti akapiga magoti. Alimwambia habari za Bwana Fortunatus, za jalada, za barua mpya. Wiki moja tu, alisema. Yeye mwenyewe angelala barazani, angepika, angemshika mkono. Wakipima sasa ukumbi ni mtupu, watakuta ukweli, kikomo kitawekwa, naye atarudi kwake moja kwa moja. Ufunguo huu hapa. Kamba iko pale pale.

Mama Rose alimwacha amalize yote.

"Kitandani hadi mlango wa chumba, kule Masasi, ni hatua ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Mimi nilikuwa nasema tisa. Kumbe tisa ni za hapa." Alipapasa ungo, akausogeza. "Miezi miwili nimejigonga nyumba hii, Ambrosi. Magoti yangu yote ni makovu, muulize Rose. Sasa nimeishika. Nikienda kule wiki moja nitaishika ya kule na hii itanitoka, na nitakaporudi nianze kujigonga upya. Kichwa changu hakibebi nyumba mbili. Kilibeba moja, nikangoja, nikangoja, halafu nikaiacha."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Ambrosi angepata pa kushika.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Hilo usiwe na haraka nalo." Kisha akasikiliza. "Rose huyo anakuja, ana ndoo mbili. Nenda ukampokee. Lakini kwanza rudisha kiti kilipokuwa, nitakikwaa."

Ambrosi akainuka, akakishika kiti, akakisogeza nyuma. Hakukumbuka kilikuwa wapi hasa. Aliinama kutafuta alama sakafuni na hazikuwapo. Hapa hakuwa ameziweka yeye. Akakitua pale alipodhani.

"Siyo hapo," alisema Mama Rose. "Kulia."

Akakisogeza kulia.

"Bado."